Hapa mvua imeenda wapi?

Jana jioni mwanafunzi kanikuta mlangoni nafunga ofisi, shikamoo madam, naomba barua ya ruhusa, mwisho wa kutuma maombi ni kesho. Mafunzo ya wiki mbili, Trieste, Italia. Yaleyale. Nikasaini nimesimama, kwa kalamu yake, halafu nikafungua tena ofisi nikakaa tu.

Mnaotujua mnakumbuka tulikuwa wawili. Tuliomba wote tukakubaliwa wote, nauli na malazi wanalipa wao. Ile taasisi ya Trieste, ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia, Abdus Salam aliianzisha 1964 kwa sababu yeye mwenyewe alishaonja upweke wa kuwa mwanafizikia kijana kwao Pakistani, huna mtu wa kubishana naye. Ilibaki barua moja tu ya ofisini. Yangu ikasainiwa Ijumaa, ya mwenzangu ikawa mkubwa kasafiri, njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, mpaka muda wa viza ukampita.

Nikaenda peke yangu na bango letu la utafiti. Mvua za masika, Machi mpaka Mei, tumeziendesha kwenye RegCM, modeli ya hali ya hewa ya kwenye kompyuta inayoendelezwa hukohuko ICTP, ramani tumeigawa maboksi ya kilomita 50 kwa 50.

Safari yenyewe nairuka, nasema tu kule kuna upepo mkali wa baridi unaitwa bora, ndio jina lake kabisa.

Siku ya mabango watu walikuwa wanapita, wanatabasamu, wanaenda. Kisha akaja mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, akavuta kiti akakaa mbele ya ramani yetu. Kimya. Akavaa miwani. Kimya tena, mpaka viganja vyangu vikalowa. Halafu akanyoosha kidole akakiweka juu ya Lushoto kabisa, akauliza taratibu, hapa mvua imeenda wapi?

Nikaangalia. Usambara yote ilikuwa njano, kavu kama kwetu Dodoma. Mimi nimekulia tambarare, Lushoto nilishafika mara moja tu. Kilichonijia ni sauti ya mwenzangu, mtoto wa kulekule, usiku mmoja umeme umekatika tumekaa gizani maabara, anasema hii kompyuta haijui kama kwetu kuna mlima, boksi moja limechanganya Lushoto na Mombo huko chini likachukua kimo cha wastani, mlima wote umelazwa, na upepo wa bahari usipopata mlima wa kupanda utamwagaje mvua, si unapita tu.

Nikamwambia yule mama hivyohivyo, neno kwa neno. Akaitikia kwa kichwa, akafungua daftari, akaniuliza jina.

Nikataja langu.

Mwaka uliofuata wakaniita tena, na baada ya hapo ikaja PhD na haya mengine mnayoyaona. Mwenzangu nilimletea flashi yenye mihadhara yote, akaipokea kwa mikono miwili, asante dada, akaitia mfuko wa shati. Sa hivi anafundisha fizikia sekondari na waliosoma kwake wanamsifu sana. Miaka yote nimekuwa najiambia ni ile barua. Sijui. Barua ndiyo iliyomzuia kusafiri, lakini kwenye lile daftari hakuna aliyenizuia kutaja majina mawili.

Bango ninalo bado, nimeliviringisha nyuma ya kabati. Jana usiku nikalifungua sakafuni, nikalikanyagia vitabu kwenye pembe lisijikunje. Majina yapo yote mawili, la kwanza lake.