Napia ya kiangazi, Bweyale: kutu imeshindwa

Hatimaye matone yanatoka kuanzia mwanzo wa mstari wa dripu (umwagiliaji wa matone) mpaka mwisho! Naandika leo kwa sababu wafugaji wengi huku Kiryandongo, Uganda, wameng'oa mipira ya dripu na kurudi kwenye jerikeni, na karibu wote walikwamia palepale: kutu.

Shamba langu ni hili: robo eka ya napia (majani ya mifugo), kisima kirefu, pampu ya sola, tangi juu ya jukwaa. Kisima kinatoa kama lita 1,000 kwa saa, jambo la kawaida kwenye miamba yetu mikongwe, ambamo maji hukaa katika mwamba uliooza na kwenye nyufa. Kiangazi napia inataka takribani lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 5,000 hivi kwa robo eka. Pampu ikipata jua kwa muda wa saa tano au sita inatosha, basi. Hakuna maji ya kupoteza.

Shida ni kwamba maji haya yanatoka kisimani meupe kabisa. Chuma kimeyeyuka ndani yake, hukioni. Mama mkwe alikigundua kabla ya vipimo vyangu, kwa sababu chai ya rangi iliyopikwa kwa maji haya huwa nyeusi tii. Yakishakutana na hewa ndipo kutu inajitokeza. Kwa hiyo chujio la wavu tunalouziwa kila duka halizuii kitu: chuma kinapita pamoja na maji, halafu kinageuka kutu mbele ya safari, ndani ya mpira, pamoja na ule ute wa bakteria unaoziba matundu. Mwongozo wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) wa 1985 unasema chuma kikizidi miligramu 1.5 kwa lita, dripu iko hatarini sana. Karatasi zangu za kupimia zilionyesha kama 4. Mmea wenyewe hausumbuki na kiasi hicho. Kinachokufa ni mpira.

Nilianza kwa kujua kutu inatoka wapi, kwenye mabomba au kwenye mwamba. Pima maji ya kwanza ya asubuhi, kisha pima tena baada ya kusukuma muda mrefu. Chuma kikipungua sana, mabomba ya chuma ndiyo yanayoliwa. Changu hakikushuka, kwa hiyo ni mwamba.

Nikafunga bomba lenye matundu mengi juu ya pipa la kokoto ili maji yanyeshe hewani, kisha yaingie pipa la mchanga, halafu tangi. Yalikuja vizuri, ila kila nilipoosha kokoto zikang'aa, maji yaliharibika upya kwa siku kadhaa. Hili lilininyima usingizi kweli. Nilibadilisha mchanga, nikaongeza urefu wa kuanguka, wapi!

Jibu lilikuwa kwenye uchafu wenyewe. Maji yetu yana asidi kidogo, na hewa peke yake huyafanyia kazi polepole mno. Utando wa kutu uliokwisha kushika kokoto ndio unaonasa chuma kipya upesi. Sasa nasuuza tope legelege tu, utando naulinda kama mtaji. Karatasi zinasoma chini ya 0.3. Nimefurahi jamani!

Kuhusu vifaa: achaneni na ile mipira myembamba ya kutupwa. Nunueni vitoa matone vinavyofunguka kwa mkono, mnavisafisha kwa sindano na maisha yanaendelea. Na koki ya kutolea tope chini ya pipa iwe kubwa, inchi moja au zaidi.

Mpango ulikuwa kupanua mstari mwingine kwa ajili ya lablab (maharage ya kulishia mifugo). Nimeusimamisha. Napia ya masika inanizidi huku nikihangaikia lita za Januari, kwa hiyo nachimba shimo la sileji, yaani majani yanayoshindiliwa na kufunikwa bila hewa ili yaliwe kiangazi. Molasi ya kiwanda cha sukari cha Kinyara inapatikana Masindi, turubai ninalo tayari, na nitakata napia ikiwa na urefu wa mita moja hivi, kabla shina halijawa gumu. Mwenye uzoefu wa kushindilia shimo dogo bila trekta aniambie anatumia nini.