Siku yangu ziwani Naivasha: furukombe, miti mikavu na mahali pa kukata picha

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri
Betri mbili zimejaa, kadi mbili ziko tupu, na lenzi ya milimita 400 niliifunga kwenye kamera jana usiku ili nisihangaike nayo gizani. Naivasha iko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na boti ikishika mwendo baridi hupenya hadi mifupani. Chai nainywa nimesimama.

Saa kumi na mbili na robo
Nahodha ananingoja gatini. Ni mzee aliyezeeka na ziwa hili. "Maji yametulia, mwanangu," ananiambia. "Twende kabla upepo haujaamka." Upepo wa hapa huja mchana, na ukishakuja taswira za miti majini huvunjika zote. Tunapita mbali na mafunjo kwa sababu saa hii viboko wanarudi majini kutoka malishoni.

Jua linachomoza kushoto kwa Longonot. Mlima huo una mita 2,776, lakini ukiupiga kwa lenzi pana unabaki kichuguu, kwa hiyo naupiga kwa hii hii ndefu, unaisogelea fremu na kuijaza. Anga leo halina hata wingu moja. Anga tupu silipi nafasi kubwa: nalipa theluthi ya juu tu, theluthi mbili nayaachia maji, maana rangi zote ziko huko. Boti inayumba, upeo wa macho unalala upande, nami najua nitaunyoosha nikifika nyumbani. Kunyoosha nako hula pembe zote nne za picha, kwa hiyo sibani kingo. Naacha ziada kila upande, kama fundi anayeacha kitambaa cha upindo.

Saa moja na robo
Huyu ndiye niliyemfuata. Furukombe, tai mla samaki, kichwa na kifua vyeupe, tumbo la rangi ya kahawia nyekundu, mabawa meusi, ametua juu ya mgunga uliokufa. Migunga hii ilikuwa nchi kavu. Maji yalianza kupanda miaka ya 2010, yakafika kiwango cha kutisha mwaka wa 2020, na mti uliozoea ukingo ukazama mizizi na kufia hapo hapo uliposimama. Sasa iko safu nzima ya vigogo vya kijivu ndani ya maji, na mnandi, ndege wa majini, wamevigeuza makao.

Nahodha anataka kunisogeza zaidi. "Hapa panatosha, mzee," namwomba. Akikunjua mabawa, furukombe anafika kama mita mbili. Nikimjaza kwenye fremu akiwa ametulia, atakaporuka ncha za mabawa zitabaki nje, na bawa lililokatwa na kamera halirudishwi na programu yoyote. Ninachomwomba ni kitu kingine: arudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna tawi linalotokea nyuma ya kichwa cha ndege kama pembe. Anazima injini, anasukuma kwa kasia mara mbili, tawi linahama. Sasa nyuma ya kichwa kuna maji matupu ya rangi ya fedha. Nashusha kamera hadi karibu na ukingo wa boti, ili kilicho nyuma yake kiwe mbali na kilainike.

Anatazama kulia, kwa hiyo namweka kushoto na kumpa mbele yake nafasi ya kutazama. Dakika ishirini hakuna kinachotokea. Halafu anainama, ananyanyua mkia na kujisaidia. Mwenye subira huitambua ishara hiyo: mara nyingi ndege wa namna hii hujipunguzia uzito kabla ya kuruka. Kidole kiko tayari, kasi ya shata iko 1/2500 ya sekunde. Anaruka, napata fremu kumi na moja.

Pembeni yetu boti ya watalii inapiga mluzi. Nahodha wao ametia kipande cha funjo ndani ya tilapia ili aelee, anamrusha, na furukombe mwingine anashuka. Wageni wanafurahi, na sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki yake. Lakini mimi sipigi hiyo. Ndege huja kutoka upande ule ule, kwa mkao ule ule, kwa umbali ule ule, na picha inayotoka tunayo sote tayari.

Saa tatu
Mwanga umekuwa mkali, kichwa cheupe kinaungua, yaani kinabaki doa jeupe tupu, hata nikipunguza mwanga wa kamera. Tunarudi.

Saa sita mchana
Kazi yenyewe sasa, mezani. Mteja wangu anachapisha kalenda na anataka furukombe wa wima, ukubwa wa A3. Fremu niliyochagua ni ya saba: mabawa yako juu, makucha ndiyo kwanza yanaachia kigogo. Ni ya mlalo, pikseli 6,000 kwa 4,000.

Nakata mara ya kwanza, kubana. Ndege anajaa, jicho linaonekana hadi mduara wake. Lakini urefu umebaki pikseli 1,800, na A3 ina inchi 16 na nusu, yaani pikseli 109 hivi kwa kila inchi. Mwaka jana nilimpa mtu picha ya ndege aitwaye chozi niliyoibana namna hiyo, ikachapishwa kubwa, manyoya yakawa uji. Nilimrudishia pesa zake na sijaisahau.

Nakata mara ya pili kwa urefu wote wa fremu, 2,667 kwa 4,000. Hapo ni kama pikseli 240 kwa inchi, inachapika vizuri. Ndege ni mdogo, yuko juu kushoto, na chini yake kigogo kinashuka hadi majini, kinakutana na taswira yake. Nyuma vinaonekana vigogo vingine vitatu. Naitazama muda mrefu. Ile ya kwanza ingeweza kupigwa popote kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, kwa maana furukombe wako kote huko. Hii ni Naivasha, na ni miaka hii.

Napiga simu. "Dada, msogeze ndege karibu," mteja ananiambia. Namweleza hesabu ya pikseli, anaelewa. Namweleza kuhusu miti, ananyamaza kidogo, kisha anasema nimtumie zote mbili. Natuma. Faili asili siigusi, kila mkato nauhifadhi peke yake.

Saa kumi na moja jioni
Narudi ufukweni upande wa magharibi, jua likiwa mgongoni na Longonot mbele yangu, makorongo yake yote yakionekana kwa vivuli. Upepo umesukuma gugumaji hadi ukingoni, kijani kitupu. Asubuhi ningelilaani, jioni hii nalifanya sakafu ya picha. Ndege watano aina ya mwari wanapita chini chini, nawangojea waingie wote, napiga kabla wa kwanza hajagusa ukingo wa fremu.

Saa mbili usiku
Mama anapita nyuma ya kiti changu na sahani. Skrini inaonyesha mkato wa pili. Simwambii kitu, nataka kujua jicho lake litaanzia wapi. Kidole chake kinagusa kigogo cha nyuma kabisa, kile nilichokaribia kukikata kwa kuwa kilikuwa kimefifia.

"Hapa si ndipo tulipokuwa tukianika nguo?"

Anaisogelea skrini, anahesabu vigogo kimoja kimoja kuelekea mbele, hadi anamfikia ndege.