Mafuta yanayoizunguka figo
Juzi nilikaa na mjomba kwenye benchi la kliniki hapa Mwanza, bahasha ya majibu ikiwa mapajani pake, ameishika kwa mikono ileile iliyopima dagaa mwaloni Kirumba kwa miaka mingi. Figo ya kushoto ilikwisha kutolewa. Uvimbe ulikuwa wa sentimita 6, nami nilikuwa nimejifariji kwamba saratani isiyozidi sentimita 7, ikiwa bado imo ndani ya figo, huhesabiwa hatua ya kwanza. Daktari alinisahihisha kwa upole: ilikuwa imepenya hadi kwenye mafuta yanayoizunguka figo, na jambo hilo pekee huipandisha hadi hatua ya tatu, hata uvimbe ukiwa mdogo, kwa sababu uwezekano wa kurudi baadaye, hasa kwenye mapafu, mifupa au ini, huongezeka. Laiti ingevuka na utando unaoyafunika mafuta hayo, ingekuwa hatua ya nne.

“Sasa daktari, nimepona au sijapona?”

Alijibiwa kwamba kingo za nyama iliyokatwa ni safi, hazina saratani, na tezi za jirani hazikuguswa, ila vipimo vya CT, yaani picha za ndani ya mwili, vitaendelea kwa miaka kadhaa. Mjomba aliikunja bahasha mara mbili, kisha akanigeukia: “Mpwa wangu, hiyo CT bima inalipia?”