Kamba Isilegee

Ami yangu ni mkwezi wa minazi huko Kilifi, na maisha yake yote hajawahi kujifunga kamba kiunoni. Hupanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, panga kwenye mshipi, na akishuka huulizia chai. Kwa hivyo nilipomtumia video nikining'inia kwenye mwaloni wa Pennsylvania, Marekani, kama mita 5 kutoka chini, nimefungwa kamba mbili na nimevaa kitu kinachofanana na nepi, nilijua atacheka. Akacheka kweli. Kisha akauliza swali ambalo wanunuzi wengi wa vifaa hivi hawajiulizi: "Sasa mwanangu, mti ukianguka si mwaenda pamoja?"

Swali lake nitalifikia. Kwanza nieleze nilikuwa nafanya nini juu ya mti.

Ninaishi upande wa Carlisle, ninafanya kazi kwenye ghala mojawapo kati ya yale mengi yaliyojipanga kando ya barabara ya I-81. Zamu yangu ni ya usiku. Oktoba na Novemba, siku za mapumziko huwa sionekani nyumbani: niko msituni na upinde, nawinda kulungu mkia-mweupe. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo sisi tuliozaliwa baadaye tulisikia habari za upinde kwa wazee tu, waliposimulia Wawaata wa upande wa Tsavo na mishale yao ya sumu. Huku unasomea kozi ya usalama wa uwindaji, unalipia leseni, unaingia msituni. Pennsylvania ina zaidi ya ekari milioni 1.5 za State Game Lands, ardhi ya umma iliyotengwa kwa ajili ya wanyamapori na wawindaji. Asiye na shamba, kama mimi, anayo pa kwenda.

Wengi hupanda kwenye viti vya chuma vilivyofungwa mtini. Viti ni vizuri kukalia, lakini vizito, hupiga kelele vikigusana na kitu, na vinataka mti ulionyooka. Mimi natumia tandiko. Ni kitambaa kigumu kinachoshika makalio, chenye mshipi wa kiuno na mishipi miwili ya mapaja. Kila ubavu una kitanzi. Kutoka kitanzi kimoja hadi cha pili, mbele ya kitovu, hupita kamba fupi tunayoiita daraja, na kwenye daraja kuna karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango wa kufungia. Karabina hiyo hushikana na kamba ya mti, ile iliyozungushwa kwenye shina usawa wa kichwa au juu yake kidogo. Unakaa ukiutazama mti, magoti yameegemea gome, nyayo ziko kwenye kibao cha upana wa sentimita 30 hivi. Mti unakuwa kati yako na mnyama. Kulungu akiinua kichwa, wewe unajificha nyuma ya shina kwa kuinamisha bega tu.

Si jambo jipya. John Eberhart wa Michigan, mwindaji wa upinde anayejulikana sana huku, amekuwa akiwinda kwa namna hii tangu miaka ya 1980, wakati wenzake walimwona kama kichaa. Siku hizi kila duka la uwindaji lina rafu ya matandiko, na bei zake zitakufanya urudi kwenye gari kufikiri.

Kupanda kwenyewe ndiko nataka mkuelewe, maana picha hazionyeshi. Kwenye State Game Lands huruhusiwi kupigilia msumari wala skrubu kwenye mti, kwa hivyo tunatumia vijingazi vya alumini, kila kimoja hakifiki hata mita moja, vinavyofungwa kwa kamba au mkanda. Kabla mguu haujaacha ardhi, najizungushia kamba ya kupandia, ndugu wa ile wanayotumia mafundi wa stima kwenye nguzo: inatoka ubavu wa kulia, inazunguka mti, inarudi ubavu wa kushoto. Kisha nafunga kijingazi cha kwanza, napanda, naisukuma kamba juu, naegemea nyuma ili inikaze, mikono yote miwili inakuwa huru kufunga kijingazi cha pili. Hivyo hivyo mpaka juu. Kila hatua nasukuma kamba kwanza ndipo napandisha mguu. Wanaofanya kinyume chake utawaona: kamba iko magotini, wao wako juu yake, na wanajiamini kwa sababu wamefungwa.

Ukikuta tawi njiani, hapo ndipo ubishi wa watu wavivu huanza. Kamba ya kupandia haipiti tawi. Mvivu ataifungua, aruke tawi, aifunge tena, na katika zile sekunde kumi hana kitu. Mimi nabeba kamba ya pili. Naipitisha juu ya tawi, naifunga, naikaza, navuta mara mbili kuhakikisha, ndipo nafungua ile ya chini. Inachosha, na mara nyingine jasho linanitoka kwenye baridi ya nyuzijoto mbili, jambo baya kwa mtu atakayekaa kimya kwa muda wa saa nne. Lakini sijaona njia nyingine yenye akili.

Nikifika juu nafunga kamba ya mti kabla ya kufungua ya kupandia. Nafunga kibao, nakanyaga, nakaa, nahamisha uzito wote kwenye daraja. Sekunde hiyo ya kukaa, mpaka leo, tumbo hunikaza kidogo. Unasikia nyuzi zikinyooka, gome linalia chini ya kamba, halafu kimya.

Kamba yenyewe. Wengi hutumia ya milimita 11 isiyovutika sana, au ya milimita 8 iliyofumwa kwa nyuzi ngumu zaidi. Juu yake huzungushwa uzi mwembamba, ule unaoshikwa na karabina, kwa fundo la prusik, lililopewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Fundo hili likiwa halina uzito unalisukuma juu na chini kwa vidole viwili. Ukilikalia, linauma kamba na haliondoki. Linahitaji uzi uwe mwembamba kuliko kamba, vinginevyo haliumi vizuri. Kuna vifaa vya chuma vinavyofanya kazi hiyo hiyo, na wengi huvipenda kwa sababu vinasogezwa kwa mkono mmoja hata ukiwa na glavu nene. Asubuhi ya Novemba, kamba ikiwa imelowa umande halafu ikaganda, fundo la uzi huwa gumu kama limetiwa gundi, na hapo nawaelewa wapenda chuma. Hata hivyo naenda na uzi. Uzi naukagua kwa macho na kwa kucha. Chuma chenye jino lililolika sina macho ya kukijua.

Sasa jambo ambalo kila anayeanza namrudilia mpaka anichoke. Kamba hii haikuwekwa ili ikudake ukianguka. Imewekwa ili usianguke kabisa, na tofauti ya hayo mawili ni ulegevu. Kamba ya kupanda milima imefumwa ivutike, ili impokee mtu taratibu. Ya kwetu haivutiki hivyo. Chukua mtu wa kilo 90, ana ulegevu wa sentimita 60 kwa sababu alisimama kwenye kibao kunyoosha mgongo na hakuisogeza kamba juu. Akiteleza, na kamba ikamsimamisha ndani ya sentimita 10, basi wastani wa nguvu inayompiga ni mara saba ya uzito wake, yaani kama kilo 630 zikimvuta kiunoni kwa ghafla. Karabina nzuri haitavunjika, imejengwa kubeba zaidi ya tani mbili. Uti wa mgongo haukujengwa hivyo. Kwa hiyo ukisimama, sogeza fundo juu. Ukikaa, kaa ukiwa umekazwa. Ukijisikia huru juu ya mti, kuna kitu hakiko sawa.

Na kisu kiko kwenye begi. Ami anapanda na panga kwenye mshipi na hana neno, kwa sababu hana kamba ya kukata. Kamba iliyobeba uzito wa mtu hukatika kwa mguso mdogo tu wa makali, si sawa na kamba iliyolala mezani. Kwa hiyo kisu changu, ambacho lazima kiwe kikali kwa sababu nitakayoieleza, hupanda kikiwa kwenye ala, ndani ya begi, zipu imefungwa.

Turudi kwa ami. Mti ukianguka, ndiyo, twaenda pamoja. Kwa hiyo mti ndio kifaa cha kwanza cha kukagua, na huku kuna balaa lake. Miaka ya nyuma aliingia mdudu mdogo wa kijani kutoka Asia, akagunduliwa Michigan mwaka 2002 na Pennsylvania mwaka 2007. Mabuu yake hula chini ya gome la miti ya ash, na miti hiyo imekufa kwa mamilioni. Mingine ingali imesimama, mirefu, imenyooka, haina matawi ya chini: mti wa ndoto kwa mwenye ngazi. Ash ikishakufa hukauka na kuwa mbao ya biskuti, huvunjika bila onyo. Mwezi wa kumi na moja miti mingi haina majani, kwa hiyo huwezi kujua kwa kutazama juu tu. Natazama gome: limebanduka vipande, limepauka, gogota wamelichuna mpaka rangi ya njano ionekane? Naondoka. Nagonga kwa ngumi, nasikiliza. Natafuta uyoga shinani. Vilevile natazama mti wa jirani, maana si lazima uanguke wangu. Nilipomweleza ami haya akasema hata minazi ni hivyo, yeye hutazama kuti la katikati kabla hajaweka mguu. Mazungumzo yetu ya simu sasa ni ya watu wa kazi moja.

Kulenga shabaha kwenye tandiko ni mchezo mwingine. Mimi navuta kwa mkono wa kulia, kwa hiyo mnyama akija kushoto kwangu ni raha tupu: nageuza kiuno, daraja linateleza, navuta upinde wa roda, nimetulia kuliko nikiwa ardhini. Akija kulia ndio kazi. Lazima nizunguke mti kwa nyayo, kisigino kikikwaruza gome, upinde niupitishe juu ya daraja bila kugonga karabina. Mlio wa chuma kwa chuma kulungu anaujua. Nimezifunga karabina zangu utepe wa kitambaa kwa ajili hiyo, ila mlango wake wa kufungia nauacha wazi ili nione kwa jicho kwamba umejifunga.

Na hapo ndipo kamba iliyokazwa inapolipa. Kwa sisi Waislamu, mshale uliotajiwa jina la Mwenyezi Mungu na ukatoboa, mawindo yake ni halali. Ukimkuta mnyama bado yu hai, unamchinja. Ndiyo sababu ya kile kisu kikali. Lakini jaribu kukumbuka bismillahi ukiwa unafikiria nyayo zako. Ukishaiamini kamba, mwili unanyamaza na ulimi unapata nafasi.

Kero zipo, nisije nikaonekana nimelipwa. Nyonga hubanwa. Magoti hulalamika hata ukivaa sponji. Na hatari moja haisemwi vya kutosha: ukiteleza kwenye kibao ukabaki ukining'inia bila kusogea, damu hukusanyika miguuni na unaweza kuzimia ukiwa umefungwa salama salimini. Nabeba kitanzi cha kukanyaga, kiko mfukoni mwa tandiko ambapo mkono wowote unafika, niweze kuinuka na kurudi kwenye kijingazi. Filimbi na simu viko kifuani, si kwenye begi. Mke wangu ana alama ya mti kwenye ramani na saa niliyosema nitakuwa chini.

Kushuka ni kupanda kwa kurudi nyuma, tena gizani, ukiwa umeganda na pengine moyo unaenda mbio kwa sababu umeachia mshale. Namlazimisha mwenye haraka aliye ndani yangu akae kwanza. Kamba ya kupandia inafungwa, inakazwa, ndipo ya mti inafunguliwa. Taa ya kichwani inawashwa kabla ya yote hayo.

Kwa anayetaka kuanza: jaribu uani kwako kwanza, nyayo zikiwa nusu mita tu kutoka kwenye majani, mpaka mikono ijue bila macho. Majirani watauliza, wajibu. Tandiko unaweza kununua lililotumika, ukilikagua mshono kwa mshono. Kamba nunua mpya, hata kama muuzaji ni rafiki yako na anaapa. Usiiache mtini msimu mzima, jua huila na kindi huitafuna, na hutaona palipotafunwa mpaka ukiwa juu. Yangu ikishachakaa huikata vipande vya mkono mmoja mmoja, nikamfungia mtoto mabembea ya wanasesere wake, ili asije mtu akaiokota kwenye pipa akaenda kuipandia.