Siku Nilipopitishwa Yala

Treni ya abiria ya Kisumu hadi Butere, magharibi mwa Kenya, ilikuja kukoma kwa miaka mingi, na siku moja nilipopita Yala, stesheni ya kwetu, nikakuta nyasi zimeficha mataruma. Nilicheka peke yangu. Nilikumbuka gunia la omena, wale dagaa wa ziwani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, mimi niko darasa la tano. Likizoni nyanya alinipeleka Kisumu kununua omena, tukirudi kwa treni. Matatu zilikuwepo, ila utingo hataki gunia linalonuka. Treni haikuwa na pua.

Mwendo wake ulikuwa wa kinyonga. Kisumu hadi Butere ni kama kilomita 70 tu, lakini Lela, Maseno, Luanda, kote ilisimama, ndizi zikipandishwa dirishani na kuku wakishushwa mlangoni. Siku hiyo ilifurika. Nyanya akabanwa na akina mama wenzake behewa la mbele, mimi nikasukumwa nyuma na gunia. Nikalikalia. Tulipopita Maseno, usingizi ukanichukua.

Kilichoniamsha ni kimya. Behewa lilikuwa tupu, gadi amesimama mbele yangu.

"Kijana, unaenda wapi?"

"Yala."

"Yala tumeiacha zamani. Shuka, reli imeisha."

Kweli ilikuwa imeisha. Sikuwa najua reli huisha. Kwangu reli ilikuwa kitu cha kwenda Uganda. Kumbe ya Uganda ilishika njia ya Nakuru na Eldoret hadi Kampala, ikafika 1931, na yetu ikabaki tawi la kuishia Butere. Nikangoja treni igeuke kama basi. Haikugeuka. Mtu aliingia katikati, akafungua kiungo, mpira wa breki ukatoa pumzi, injini ikaenda peke yake, ikapita reli ya kando na kuja kujifunga upande wa pili. Mkia ukawa kichwa.

Gadi akaniambia nitarudi nao. Wanawake walikuwa wameshasikia harufu.

"Gorogoro pesa ngapi, mwanangu?"

Nikataja bei ya mkebe huo wa kupimia niliyomsikia nyanya akitaja sokoni Luanda. Filimbi ilipolia, gunia lilikuwa nusu.

Nyanya nilimkuta stesheni ya Yala, amekaa chini, viatu mkononi. Hakunipiga. Alilipapasa gunia, akahesabu pesa mara mbili.

"Butere umewauzia bei ya Luanda? Wamekupunja, mjukuu wangu."