Siku moja na madume wa Leicester, jirani na Dishley

Saa kumi na mbili asubuhi

Nje ni giza tupu. Novemba huku Leicestershire, Uingereza, jua halichomozi hadi saa moja na robo hivi, kwa hiyo kazi ya kwanza nafanya kwa tochi ya kichwani: maji, nyasi kavu kwa madume waliobaki zizini, na kumwangalia mbwa miguu kabla hatujatoka. Kwetu ni Kajiado. Hapa nimeajiriwa kuchunga kundi la Leicester Longwool, kondoo wakubwa weupe ambao sufu yao inaning'inia kama misokoto ya nywele iliyotoka saluni. Huu ni msimu wa kupandisha, na kwa mfugaji wa mbegu hakuna wiki zinazozidi hizi kwa uzito.

Saa moja na nusu

Mwanga umetosha, naingia malishoni. Kila dume amefungwa mkanda wenye bonge la rangi kifuani, na ana malisho yake na majike yake, hawachanganyiki. Akimpanda jike, rangi inabaki kiunoni. Leo asubuhi wapya wana alama ya njano. Nasoma namba ya hereni sikioni, naandika jike, dume na tarehe. Aliyepandwa leo, tarehe 12 Novemba, namtarajia azae karibu na tarehe 8 Aprili, maana mimba ya kondoo ni kama siku 147. Baada ya siku 16 au 17 tunabadilisha rangi iwe nzito zaidi. Jike aliyekuwa na njano akirudi na nyekundu juu yake, hakushika. Wakirudi wengi wa dume mmoja, tatizo ni dume, na lazima aondolewe upesi kabla msimu haujapotea.

Daftari hili ndilo kazi yenyewe. Kabla ya Robert Bakewell, mfugaji aliyeiboresha mbegu hii ya Leicester, wafugaji wengi wa Uingereza waliwaacha madume na majike wakila pamoja, na nani amezaa na nani ilibaki kubahatisha. Bakewell alizaliwa mwaka 1725 pale Dishley, karibu na mji wa Loughborough, na baba yake alipofariki mwaka 1760 akashika shamba la ekari 440. Akatenga madume. Akachagua mwenyewe nani apandishwe kwa nani, na umbo alilolitaka alilifunga kwenye damu kwa kupandisha ndugu kwa ndugu, baba kwa binti, jambo lililowashtua majirani zake. Mimi pia lilinishtua nilipolisikia mara ya kwanza, kwa kuwa nyumbani dume wa ukoo mmoja tunajitahidi kumbadilisha. Yeye aliliweza kwa sababu alikuwa mkali: mnyama mwenye kasoro hakumrudisha kwenye kundi.

Saa tatu

Mzee mwenye shamba anashuka na chai, tunawakagua madume wa akiba. Macho peke yake hayatoshi kwenye kondoo mwenye sufu hii, atakudanganya. Naweka kiganja nyuma ya ubavu wa mwisho, vidole vinapita sufu hadi vifike uti wa mgongo. Nikihisi ncha za mifupa zimechongoka, amekonda. Nikilazimika kubonyeza sana ndiyo nizipate, amenenepa kupita kiasi na atachoka haraka. Kwa unono tunataka alama 3 hadi 3 na nusu kati ya 5. Kisha meno, ambayo lazima yakutane sawasawa na ufizi wa juu. Kwato. Korodani, zote mbili ngumu na za ukubwa unaolingana. Mmoja leo tumemkataa kwa sababu ya mguu wa nyuma. Ni dume mzuri wa kutazama, lakini dume anabeba mwili wake wote kwenye miguu ile miwili anapopanda.

Vidole hivi Bakewell angevielewa. Alitaka mifupa midogo, mwili wa mviringo kama pipa, na nyama pale penye bei. Wageni waliomtembelea walisimulia kuwa nyumbani kwake aliweka mifupa ya kondoo wake na vipande vya nyama kwenye maji ya chumvi, ili alinganishe kizazi na kizazi. Walistaajabu pia upole wa mafahali wake: mtoto mdogo mwenye fimbo aliwaongoza bila taabu. Kondoo wake walikuwa tayari kwa soko wakiwa na miaka miwili, wakati miji ya viwanda ilikuwa inakua na watu wanahitaji nyama. Kwamba nyama ile ilikuwa na mafuta mengi kupita kiasi, walilalamika hata wa zama zake, na nadhani walikuwa na haki.

Saa sita

Naenda Loughborough kununua madini ya kulamba, na njia inapita Dishley. Nasimama. Kanisa dogo limebaki magofu, paa hakuna, na kaburi la Bakewell limo humo ndani. Alifariki mwaka 1795. Hakuwahi kuoa, nyumba aliitunza dada yake Hannah.

Nikiwa pale huwa nafikiria lile jambo moja ambalo kwangu linazidi yote aliyoyafanya: hakuuza madume wake bora, aliwakodisha. Msimu ukianza wanakwenda, ukiisha wanarudi. Walisafirishwa kwa magari ya magurudumu mawili yenye springi, wengine safari ya maili mia mbili na zaidi. Mwanzoni kodi ilikuwa shilingi chache. Baadaye dume mmoja alifika gini 400 kwa msimu, na gini ilikuwa sarafu ya Uingereza ya shilingi 21. Watu wanaitaja sana ile pesa. Lakini tazama alichokipata zaidi ya pesa: dume mmoja alizaa kwenye mashamba ya watu wengi, udongo tofauti, majike tofauti, na Bakewell aliweza kuona wanakondoo wa kila mahali. Yule ambaye watoto wake walitoka vizuri kote, alimrudisha Dishley na kumtumia mwenyewe. Leo tunaita kupima dume kwa watoto wake, na tuna kompyuta za kuhesabu. Yeye alikuwa na macho, mikono na mkataba wa kukodi.

Damu ile ilisafiri. Ndugu wawili, George na Matthew Culley, waliipeleka Northumberland mwaka 1767, na huko ndiko ilikoanzia mbegu ya kondoo iitwayo Border Leicester. Kondoo wa Corriedale, ambao wako hata kwenye nyanda za juu za Kenya, wametokana na Merino na kondoo wa sufu ndefu wa Uingereza, na damu ya Dishley imo humo. Ajabu ni kwamba Leicester Longwool mwenyewe sasa ni mbegu adimu. Marekani alitoweka kabisa, mpaka makumbusho ya Colonial Williamsburg, Virginia, walipomleta tena kutoka Tasmania, Australia, mwaka 1990.

Saa nane

Mvua. Kukata kwato, kupaka dawa, kubeba uzio. Saa kumi na nusu giza linaanza kuingia.

Saa kumi na mbili jioni

Nyumbani ni saa tatu usiku. Mdogo wangu ananipigia.

"Kaka, kuna mtu anauza dume wa Dorper, mnene, mkubwa kweli. Tumchukue?"

Dorper ni kondoo wa nyama mwenye asili ya Afrika Kusini. Namuuliza dume wetu mwekundu wa Kimaasai yuko wapi.

"Yupo, lakini ni mdogo."

Ni mdogo, kweli. Ila kiangazi kirefu kikiisha na mvua ikaleta minyoo inayonyonya damu, kondoo mwekundu wa Kimaasai anasimama, na Dorper ndiye unayemfunua kope ukakuta zimepauka. Tangu Dorper walipoenezwa Kenya, kupata kondoo mwekundu halisi kumekuwa kazi, na wafugaji wengi wamelijua hilo walipokuwa wameshachanganya kundi zima. Simkatazi Dorper. Namwambia akimchukua amtenge na majike kumi tu, wengine wabaki na dume wetu, na kila mwanakondoo aandikwe baba yake.

"Halafu?"

"Halafu mvua za masika zikiisha, nitumie namba. Wa baba gani wamekufa, wa baba gani wamelazimika kupewa dawa, na waliobaki wana kilo ngapi."

"Na Mama anasema hao madume wako wa huko wanavaa mikanda ya nini?"

Namweleza. Anacheka, kisha anauliza kama rangi ile inaweza kutengenezwa kwa olkaria, ule udongo mwekundu wa Kimaasai, na mafuta ya kondoo. Nafikiri inaweza. Kesho atajaribu kwa dume wetu.