Kochi la baba lilivyorudi kukalika

Kochi la watu watatu lililoko sebuleni kwetu Isevya, hapa Tabora, baba alilichongesha kwa mninga. Alipofariki, mama alikataa katakata litolewe. Mwaka juzi nikaita fundi, akalivika kitambaa kipya kwa siku moja, likawaka. Miezi minne haikuisha, ukikaa katikati unazama mpaka kuinuka ni shughuli. Mama, na mgongo wake ule, akahamia kwenye kigoda. Iliniuma sana, maana kochi ni lake.

Safari hii nikasema sinunui kitambaa kabla sijaona ndani. Nikampata fundi mwingine mwenye kibanda Ng'ambo, nikamwomba alifungue nikiwa nimesimama pale.

"Dada, utaona vumbi tu."

Tuliona zaidi ya vumbi. Chini ya kitambaa kipya kulikuwa na kile cha zamani, na chini yake sponji iliyogeuka manjano, inamong'onyoka mkononi kama mkate mkavu. Mikanda inayobeba kiti, mitatu imekatika. Yaani yule wa kwanza alifunika donda! Ila fremu akaigonga kwa nyundo kila kona, ikalia kavu, hakuna tundu hata moja la mchwa. Mninga ni mninga.

Basi hesabu ikabadilika. Sehemu ya fedha niliyotenga kwa kitambaa cha bei nikaihamishia ndani. Mikanda mipya akaivuta mpaka ukiigonga inalia kama ngoma, akaisuka kama mkeka, ya urefu ikipishana na ya upana. Sponji nikachagua mwenyewe. Dukani usidanganywe na unene, maana inchi 4 nyepesi italala mapema kuliko inchi 3 nzito. Inyanyue kwanza upime uzito, kisha uikandamize kwa ngumi na kuiachia. Iliyo nzuri hurudi palepale. Fundi akaikata ikizidi foronya kidogo, kama nusu inchi, ili ijae mpaka kwenye pembe.

Kitambaa nilichukua cha manyoya, mita 11, na hapo tukakaribia kuharibu. Ili kisipungue, fundi alitaka kipande kimoja akikate kwa kukigeuza. Tukaweka vipande viwili sambamba mlangoni penye mwanga, kimoja kimegeuzwa: jora moja, lakini kimoja rangi imeiva, kingine imepauka. Manyoya lazima yalale upande mmoja, yakishuka chini, kochi zima. Nikarudi dukani kuongeza mita 1, na sijutii shilingi hata moja.

Kwenye kupiga pini alianzia katikati ya kila upande akielekea pembeni, pembe zenyewe mwisho, kwa hiyo kitambaa hakikwenda mshazari. Kazi nzima ilichukua siku tatu.

Jioni ile mama alikaa palepale katikati, akaegemea, akanyamaza kidogo. Adhana ya magharibi ilipolia akainuka mwenyewe, hakuutafuta mkono wangu.